Kiganja Juu ya Nyuzi

Watu wakitoka kwenye ukumbi ule wa barabara ya soko Jumamosi jioni, husifia sauti ya mwimbaji, husifia mashavu ya mpiga tarumbeta, na wakiwa wamechangamka sana husifia hata mapangaboi ya darini. Besi hawaitaji. Mshike mmoja mkono umuulize, "Na besi je?" Atakuna kichwa. "Kwani ilikuwepo?" Ilikuwepo, ndugu yangu. Ndiyo iliyokuwa ikikutikisa mabega nawe ukidhani unatikisika kwa akili yako mwenyewe. Anayeipiga ni mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, fundi wa makochi, na kila mtu humwita Gumba isipokuwa mama yake mzazi.

Jina hilo amelivuna kwa mkono wake. Wapiga besi wengi huchezesha vidole viwili, wakizipanda nyuzi kama mtu anayepanda ngazi kwa haraka. Yeye hupiga kwa gumba peke yake, na huku gumba likifanya kazi, upande wa chini wa kiganja umelala juu ya nyuzi, kule mkiani mwa gitaa ambako zimefungwa kwenye chuma. Sauti inayotoka ni fupi na nene. Inaingia, inasema neno lake, inanyamaza. Wapo wanaosema huo si upigaji, ni woga. Nimewasikia kwa masikio yangu, na ningekuwa na uwezo ningewakalisha kwenye kochi lenye springi zilizochomoza wakae humo mpaka waombe radhi.

Maana mkono ule hakufundishwa na mwalimu. Alifundishwa na nyumba.

Walikulia katika vyumba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao, mama, kaka yake na yeye. Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, kwa hiyo mchana wa watu wengine ulikuwa usiku wake. Sheria ya nyumba ilikuwa moja na haikuhitaji kuandikwa: mama akilala, hakuna kinacholia. Sufuria iliwekwa chini kwa mikono miwili. Mlango ulifungiwa kitambaa kwenye kitasa usigonge. Mwenye kukohoa alitoka nje akakohoe huko, na mwenye kucheka alimeza kicheko chake au alikipeleka kwa jirani.

Mjomba wao, ndugu wa mama, aliwahi kupiga muziki kabla hajachoshwa nao, na alipochoka aliwaachia magitaa mawili. Kaka akalichukua la solo, jembamba na jekundu, linalopendeza kifuani. "Mkubwa huchagua," akasema. Likabaki la besi, refu kumpita mdogo mtu, shingo nene kama mchi, na spika hakuna. Kaka alikwenda kufanyia mazoezi nyuma ya karakana ya jirani, mbali na nyumba, akawa anapiga anavyotaka na watoto wa mtaa wakimshangilia. Mdogo mtu hakuruhusiwa kwenda huko. Kulikuwa na moto wa kuangalia, na mtu wa kusikia mama akiita.

Basi alikaa chini chumbani na besi yake mapajani. Bila spika besi haisemi kitu, inanong'ona tu, lakini aligundua kwamba ukiegemeza kichwa cha gitaa kwenye ukuta wa mbao, ubao wote unaitikia. Akaegemeza. Upande wa pili wa ubao ule ndipo kilipokuwa kichwa cha kitanda cha mama.

Hapo ndipo shule ilipoanza. Akipiga karibu na mkia, nyuzi zimekaza na sauti inatoka kavu, yenye meno. Kitanda cha mama kinalia, mama kajigeuza. Akisogeza mkono kuelekea shingoni, ambako nyuzi zimelegea kidogo, sauti inanenepa na kupoa, kitanda kimya. Akitumia kucha, kuna mkwaruzo, kitanda. Akitumia nyama ya gumba, hakuna. Noti ikiachwa ijiendee yenyewe inatambaa ubaoni mpaka ifike kwenye mto wa mama. Akiilalia kwa kiganja mara tu inapozaliwa, inafia pale pale. Mkono wa kushoto nao ulikuwa na darasa lake. Ukikandamiza uzi mbali na kile chuma chembamba kilicholala shingoni, uzi unazomea. Ukikandamiza nyuma yake kidogo tu, unatulia kama mtoto aliyeshiba. Na ukitaka kuunyamazisha, usiondoe kidole, ulegeze tu. Mwalimu wake alikuwa amelala upande wa pili wa ukuta, na alisahihisha kila kosa kwa kujigeuza.

Jua liliposhuka hadi kizingiti cha dirisha, aliacha kupiga na kwenda kuwasha jiko, abandike maji ya kuoga ya mama. Kumwamsha hakukuhitajika kamwe. Kila siku angali ameinama anapuliza makaa, mama alikuwa tayari amesimama mlangoni, shuka begani, macho mekundu, akiuliza neno lile lile: "Maji tayari?" Naye alijibu, "Bado, mama. Kidogo tu." Kaka akirejea saa zile kutoka kwa jirani alikuwa akicheka na kusema mama ana saa ndani ya kichwa. Wakakubaliana hivyo, kwamba mama ana saa kichwani, na jambo likaisha.

Kwa kukandamiza sana nyuzi, ukingo wa kiganja cha mtoto ukawa mwekundu, kisha ukapasuka. Alificha. Siku moja aliporudi kutoka shule alikuta kipande cha sponji kimechomekwa chini ya nyuzi, mkiani kabisa, kimekatwa kwa mkasi na kunyooka kama bandeji. Mto wa mama ulikuwa umepungua pembe moja. Mama hakusema kitu, wala hakuulizwa. Sponji iliminya nyuzi kwa niaba ya kiganja, na mkono ukapona.

Lakini hapa pana jambo ambalo Gumba alilibeba moyoni mpaka akawa mtu mzima. Aliona haya. Aliisoma sponji ile kama maneno ya mtu mpole: mwanangu, nakusikia, punguza. Kumbe siku zote hizo alikuwa akimsumbua. Hakuacha kupiga, maana asingeweza kuacha, ila kila alipoinua gitaa alijihisi kama mtu anayeiba usingizi wa mwenzake. Na mtu anayehisi hivyo anakuwa na mawili, ama anyong'onyee, ama awe mkaidi. Yeye alikuwa mkaidi tangu tumboni.

Miaka ikapita. Kaka akaanzisha bendi yake, na besi akampa mdogo wake kwa sababu hapakuwa na mwingine wa karibu asiyelipwa nauli. Mchana Gumba ana karakana ya makochi, banda la bati lililojaa fremu za mbao zilizosimama kama ng'ombe waliochunwa, mikanda ya mpira, marobota ya kitambaa na sponji kila rangi. Ni kazi ya gumba nayo. Sponji haipimwi kwa macho. Unaibonyeza kwa gumba, ukiliondoa uone inarudi kwa haraka gani. Sindano iliyopinda inasukumwa kwa gumba kupita kwenye kitambaa kigumu. Kwa hiyo ncha ya gumba lake ilikwishakuwa ngumu kama kwato, lakini ubavuni, upande unaotazama vidole vingine, palibaki laini, na ni ubavu huo aliopigia muziki. Akishika mkono wa mtu kumsalimia, watu hutazama walichoshika.

Kaka, ambaye solo amemwachia mwenzake na sasa anaimba, ni mtu wa sauti tamu na mashati mapya. Simsemi vibaya, bila yeye bendi isingekuwepo. Ila ana ugonjwa mmoja, kipya kwake ni kinyemi ingawa ni kidonda. Na kidonda kilipokuja, kilikuja na undugu. Mdogo wa kiume wa mke wake, ambaye kaka na Gumba humwita Shemeji, alihamia mjini na besi yake inayong'aa kama sahani ya harusi. Shemeji anajua kupiga, lazima nikiri. Hukaa na mkono mkiani, anazichapa nyuzi makofi kwa gumba na kuzichomoa kwa kidole, kila noti inaruka mbali na kumeremeta. Mkiwa mnamsikiliza peke yake mnapiga makofi. Kaka alimsikia mara moja na usingizi ukamhama.

Wakati huo meneja wa ukumbi alikuwa akitafuta bendi ya kudumu ya kila Jumamosi. Alisema atawasikiliza mchana wa Jumamosi ile, watu wakiwa wachache, kisha aamue. Jumatano kaka akaja karakanani. Akapangusa kochi ambalo halijavikwa kitambaa, akakaa, akakunja nne.

"Mdogo wangu," akaanza, na Gumba, aliyekuwa na sindano mdomoni, akajua kuna jambo, maana kaka humwita mdogo wangu anapotaka kitu au anapochukua kitu. "Hii kazi ya ukumbi ni kubwa. Watu siku hizi wanataka besi inayosikika."

Akatoa sindano mdomoni. "Inayosikika wapi? Masikioni au miguuni?"

"Usinianze. Sauti yako ni ya kizamani, Gumba. Inajificha. Hamisha mkono tu, upige kwa vidole huku nyuma kwenye chuma, iwe na ukali kidogo. Kitu kidogo sana nakuomba."

"Na nisipohamisha?"

Kaka akatazama viatu vyake. "Basi Jumamosi utampisha Shemeji. Kwa sasa. Halafu tutaona."

Kampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mafuta yenyewe hayakufika. Gumba aliweka sindano chini. "Kaka, umekalia nini hapo?"

"Kochi."

"Springi zake umeziona?"

"Nimezionaje, si ziko ndani?"

"Siku utakapoziona utaruka juu unapiga yowe. Ndiyo maana kazi yangu mimi ni kuzifunika."

"Maneno ya makochi waambie wanunuzi wa makochi," kaka akasema akisimama. "Mimi nakuambia muziki."

"Na mimi nakuambia mkono. Huu hapa. Hauhami." Akauinua, wenye gundi na nyuzinyuzi za kitambaa. "Nikishindwa kumfurahisha meneja nitaondoka mwenyewe, sihitaji kusindikizwa. Lakini nitashindwa kwa mkono wangu, sitashinda kwa mkono wa Shemeji."

Kaka alitoka bila kuaga. Njiani, nadhani, alijipa akili. Aliona mdogo wake ni mbishi, lakini gitaa si mbishi. Ijumaa, Gumba akiwa kazini, alilichukua lile la besi kutoka chumba cha mazoezi akalipeleka kwa fundi. Fundi akang'oa nyuzi zote kuukuu, ambazo hazikuwahi kubadilishwa ila ule uliokatika, akaweka mpya zenye mng'aro. Kaka akaikuta sponji mkiani, imekuwa nyeusi na kusinyaa. Akaichomoa kwa ncha za vidole, akaitupa jalalani. Ukiondoa matambara, aliwaza, atapigaje kama zamani? Itabidi gitaa lake lilie kama ya wengine.

Hilo lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa la mtu aliyekulia nje ya ukuta ule. Angekaa chumbani hata siku moja angejua. Lakini yeye alikuwa nyuma ya karakana ya jirani akishangiliwa, kwa hiyo aliamini sauti ya mdogo wake imo kwenye vitu.

Jumamosi walifika ukumbini mapema. Mama alikuja pia, kaka alitaka awepo siku ya heshima yake. Alikuwa amestaafu siku nyingi, masikio yameanza kuchoka, na mgongo wake haukuelewana na viti vya plastiki, basi Gumba alimletea kiti cha mikono kutoka karakanani, akakiweka mbele kabisa, karibu na jukwaa. Mama akajifunika shuka yake begani na kutazama huku na huku. Tangu alipostaafu usingizi ulikuwa umemkimbia. Usiku hakuuzoea, mchana hakuupata tena. Alikuwa mtu wa kusinzia robo na kushtuka. Alikuwa na uchovu wa watu kumi.

Gumba akachomeka waya, akagusa uzi mmoja kujaribu. Ukalia kama kengele ya shule.

Akainamisha kichwa. Nyuzi zinang'aa. Akapitisha kidole chini yake kule mkiani. Patupu.

"Sponji iko wapi?"

"Nimetupa," kaka akasema, akijifanya anarekebisha maiki. "Uchafu ule. Nimekuwekea nyuzi mpya kwa mfuko wangu, hata asante sisikii?"

"Nani alikutuma ushike gitaa langu?"

"La mjomba."

"La mjomba ulilolikataa!"

Mpiga drams aliacha kukaza ngoma yake. Shemeji, aliyekaa pembeni na besi yake ndani ya mfuko, akawa anasoma ukuta. Hasira ilimpanda Gumba mpaka meno yakamuuma. Si nyuzi zilizomkasirisha. Nyuzi zinanunuliwa. Ilikuwa ile pembe ya mto. Hata kama maana yake ilikuwa punguza, ndiyo ilikuwa barua pekee ambayo mama aliwahi kumwandikia, na mtu ameitupa pamoja na maganda.

Meneja akaingia, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, akavuta kiti. Kaka akaugeuza uso mzima kuwa tabasamu na kumsalimia.

Mkono wa Gumba uliingia mfukoni mwa suruali yake ya kazi, nao ukakuta kilichokuwemo siku zote, kipande cha sponji, mabaki ya karakana. Mtu wa makochi hakosi sponji. Angekichomeka tu, mambo yangekwisha. Alikitazama kiganjani. Kisha akakirudisha mfukoni. Kwa nini? Kwa kiburi, na kiburi kingine ni haki. Akikichomeka, kaka ataendelea kuamini hadi kaburini kwamba ni sponji iliyokuwa ikipiga. Na yeye mwenyewe je? Kwani kabla ya sponji alikuwa akipigaje? Akalaza kiganja juu ya nyuzi tupu.

Wimbo ukaanza, na mwanzo ulikuwa mbaya, sifichi. Nyuzi mpya zina utundu, ukizigusa tu zinajiendea. Noti ya kwanza ilipiga kelele, ya pili ikagongana nayo. Kaka aliimba akitabasamu, na nadhani tabasamu lile halikuwa la wimbo. Gumba akakisogeza kiganja mbele kidogo. Ikawa mbaya zaidi, noti zikafa kabla ya kuzaliwa, kama mtu anayebisha mlango wa ubao. Akakirudisha nyuma. Zikalia. Basi akatafuta katikati, upana wa ukucha, huku ukingo wa kiganja ukiwa nusu juu ya chuma na nusu juu ya nyuzi, na gumba akalinyoosha kuelekea shingoni kadiri lilivyofika. Ncha ngumu ya gumba ikakwaruza uzi. Akaligeuza, akapiga kwa ubavu, kwa ile nyama laini. Na mkono wa kushoto ukakumbuka darasa lake: kandamiza nyuma ya chuma, legeza, usiondoe.

Ikaja. Nene, fupi, poa. Ukingo wa kiganja ulianza kuwaka moto mahali pale pale pa utotoni, naye akaukandamiza zaidi. Waka, alijisemea. Waka, nitakupaka dawa nikishamaliza. Mpiga drams aliinua kichwa, akatulia, na ngoma yake kubwa ikajilaza juu ya besi kama mtu aliyepata mto. Mguu wa meneja ulianza kutikisika na funguo zake zikawa zinaitikia.

Katika kiti cha mbele mama alifumba macho.

Kwanza kichwa kiliegemea bega, halafu shuka ikateleza, halafu mdomo ukafunguka kidogo. Alilala. Tarumbeta ilikuwa mbele yake, haifiki hata hatua tano, na mpiga tarumbeta si mtu wa kulihurumia sikio la mwenzake. Mama akalala fofofo, akikoroma taratibu.

Kaka alimwona, na uso ukamshuka. Bendi yake inasikilizwa na mwenye ukumbi, na mtu wa kwanza kulala ni mama yake mzazi! Walikuwa wamefika sehemu ya wimbo ambapo waimbaji hunyamaza na vyombo huchemka vyenyewe. Akaacha maiki, akamwashiria Shemeji asimame, akamsogelea Gumba mpaka mdomo ukafika sikioni.

"Mpe Shemeji waya."

"Simpi."

"Gumba, usinitie aibu. Tazama pale. Umemlaza hadi mama! Ndiyo muziki huo?"

"Mwache alale. Amechoka."

"Toa gitaa!" Na akanyoosha mkono akalishika shingo.

Gumba akaacha kupiga. Hakuachia, alilikumbatia gitaa kwa mikono yote miwili kama mtu anayevuka mto na mtoto. "Hili mpaka unikate mikono," akasema, na safari hii hakunong'ona. "Uliniachia kwa sababu hukulitaka. Ulinipa kazi kwa sababu hukuwa na mtu. Leo umeniona nina mkono mbaya? Mkono huu umekubeba muda wote ule unaimba, ukadhani unatembea. Lichukue basi. Jaribu."

Shemeji alikuwa amefika hatua ya kwanza ya jukwaa. Akasimama hapo hapo. "Kaka," akasema, "mimi hilo silishiki." Akarudi kukaa, na tangu siku hiyo mimi namheshimu.

Wenzao, wasijue la kufanya, waliendelea. Drams zinapigwa, solo linalia, tarumbeta inapasua dari. Kelele ilikuwa ile ile, kasoro besi tu.

Mama akafumbua macho.

Hakushtuka kama anavyoshtuka mtu aliyeamshwa na kelele. Aliamka kama mtu ambaye saa yake imefika. Akavuta shuka begani, akapangusa mdomo, akamtafuta binti yake kwa macho yake mekundu, na kwa sauti kubwa ya watu ambao masikio yamewachoka, akauliza:

"Maji tayari?"

Meneja alicheka, akidhani bibi anaota. Mpiga tarumbeta alicheka ndani ya tarumbeta. Watoto wawili wa yule mama hawakucheka. Kaka alikuwa bado ameshika shingo ya gitaa, na nilivyosimuliwa, mkono wake uliachia wenyewe, kidole kimoja kimoja. Aliijua ile sauti. Alikuwa ameisikia kila jioni ya utoto wake akirudi kutoka kwa jirani, na akacheka, na akasema mama ana saa kichwani. Hapakuwa na saa. Tarumbeta haikumwamsha, drams hazikumwamsha. Ni besi iliponyamaza. Mama yao alikuwa amelalia mkono ule kila alasiri ya miaka yote ile, na ulipoacha tu kupiga, alijua ni wakati wa kuamka aende kuwahudumia watu.

Na Gumba? Gumba aliyebeba haya tangu utotoni, aliyedhani anaiba? Kumbe sponji ile haikumwambia apunguze. Ilimwambia aendelee, asiumie.

Alimtazama kaka yake machoni. Akakishusha kiganja juu ya nyuzi, upana wa ukucha kutoka kwenye chuma, pale panapowaka.

"Bado, mama," akaita kwa nguvu ili asikike. "Lala kidogo."

Akapiga. Mama akafumba macho, na kaka akarudi kwenye maiki yake bila kuambiwa na mtu.